Paranormal Activity na dola zake 15,000: hofu ile inatoka wapi hasa?

Kijana wa Chuda anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Natayarisha filamu yangu ya kwanza hapa Tanga, na kabla sijaigusa akiba niliyojiwekea kwa miaka miwili nimeona ni heri niwaulize walionitangulia katika kazi hii. Nimevutiwa na zile filamu za kutisha zinazojifanya kuwa mkanda uliookotwa, ambazo humwaminisha mtazamaji kwamba anachokiona hakikuigizwa, bali kilirekodiwa na wahusika wenyewe kabla hawajapatwa na la kuwapata. Ninayoichunguza zaidi ni Paranormal Activity ya Oren Peli. Huyu ni mzaliwa wa Israeli aliyehamia Marekani akiwa kijana, kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na hakuwa amewahi kuongoza filamu yoyote. Mwaka 2006 aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego kwa siku 7, akiwa na waigizaji wawili wasiofahamika na mtu, Katie Featherston na Micah Sloat, kwa bajeti ambayo siku zote hutajwa kuwa dola 15,000 hivi. Ilipomaliza kuzunguka katika kumbi za sinema ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 190.

Nimeitazama mara 4. Mara ya kwanza niliitazama usiku nikiwa peke yangu, na baada ya hapo sikuthubutu kutoka kwenda uani mpaka nilipoisikia adhana ya alfajiri. Mara zilizofuata niliitazama mchana, daftari mkononi, nikiandika kila jambo la kutisha na dakika yake. Kilichonishangaza ni uchache wa mambo yenyewe. Mlango unasogea kidogo, kisha unarudi. Taa ya ukumbini inawaka na kuzima. Mwanamke anaamka, anasimama kando ya kitanda akimtazama mwenzake aliyelala, na anaendelea kusimama huku saa iliyo pembeni mwa picha ikikimbia. Hakuna kinyago na hakuna damu ya maana mpaka mwishoni kabisa, na yule shetani mwenyewe haonekani hata mara moja. Nami nimekwisha kuona majini ya kuigizwa, yaliyovikwa shuka nyeupe na kuwekewa taa machoni, na sikufanya lolote ila kucheka.

Swali langu basi ni hili: ni kitu gani hasa kinachomtisha mtazamaji katika filamu ile, na je, kinaweza kupatikana kwa mtu mwenye shilingi milioni 3 na laki 4? Hadithi yangu inamhusu kijana anayeibiwa kuku usiku. Anafunga simu ya zamani ukutani ielekee bandani ili amnase mwizi, lakini anachokiona kwenye picha hakikuruka ukuta wala hakikupita getini, na usiku baada ya usiku analazimika kuihamisha simu hiyo ikaribie ndani ya nyumba. Nyumba ni ya dada yangu, ina vyumba viwili na sebule. Nitashukuru kwa ushauri wowote, hata ule wa kunikatisha tamaa.

Mhariri wa Kinondoni anajibu:

Mdogo wangu, umeuliza vizuri kwa sababu umekwenda na daftari, na daftari lako limekwisha kukupa nusu ya jibu. Nitakupa nusu nyingine kwa jicho la mtu aliyekaa mbele ya meza ya uhariri kwa miaka mingi.

Itazame mara ya tano, na safari hii usiangalie kinachotokea, angalia kamera imekaa wapi. Katika matukio yote ya usiku imesimama mahali pale pale, juu ya miguu yake mitatu, inatazama kitanda na mlango ulioachwa wazi upande wa kushoto, na ng'ambo ya mlango kuna giza la ukumbi. Picha haikatwi, haisogezwi karibu, na hakuna anayekuonyesha pa kutazama. Katika filamu ya kawaida sisi wahariri ndio tunaomshika mtazamaji mkono: tazama uso huu, sasa tazama kisu, sasa tazama mlango. Hapa mkono umeachiwa, naye anabaki kama mlinzi wa zamu, macho yakitoka kwenye shuka kwenda kwenye mlango, kutoka mlangoni kwenda kwenye giza, kisha yanarudi kwenye shuka. Baada ya usiku wa pili au wa tatu amekijua chumba kile kama chake, hata mlango ukisogea urefu wa kidole anashtuka, kwa sababu amekuwa akiulinda.

La pili ni ile saa, ambayo naona wengi hawaitaji. Usiku unaanza, tarakimu zinakimbia, saa sita, saa saba, saa nane, watu wanajigeuza kitandani kwa mwendo wa haraka kama wanasesere, halafu ghafla tarakimu zinapunguza mwendo na kurudi katika kasi ya kawaida. Hakuna kilichotokea bado, lakini ukumbi mzima umekwisha kushika pumzi, maana saa imewaambia kwamba kitu kinakuja. Hiyo ndiyo ngoma ya filamu nzima. Katika tukio la mwanamke anayesimama kando ya kitanda Peli ameigeuza kanuni hiyo: safari hii saa inakimbia wakati jambo lenyewe la kutisha linaendelea, na kinachokuogofya ni kufahamu kwamba amesimama pale kwa muda ambao binadamu aliyelala usingizi wa kawaida hasimami. Kwa gharama hakuna hata senti moja iliyotumika hapo zaidi ya kumwomba mtu asimame na ayumbe kidogo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda usilipende. Zile siku 7 zinazosifiwa Marekani kama muujiza, sisi wa Bongo Movie hazitushangazi hata kidogo, kwani wapo kwetu wanaomaliza filamu kwa siku chache kuliko hizo. Tofauti ni yaliyozizunguka siku hizo. Peli alitumia karibu mwaka mzima kuiandaa nyumba, akapaka rangi upya, akabadilisha samani, akaweka zulia na kujenga upya ngazi, ili kila pembe ya chumba ikae anavyotaka ndani ya fremu. Aliwafanyia usaili mamia ya watu kabla ya kuwapata wale wawili. Hakuwapa maneno ya kukariri. Aliwaeleza hali iliyopo na mwisho unaotakiwa, wao wakazungumza wenyewe, na ndiyo maana wanakatizana na kunung'unika kama watu waliokaa pamoja muda mrefu. Kisha akakaa na kompyuta yake nyumbani akahariri. Sisi tunaiga zile siku 7 na kuuacha ule mwaka.

Kuhusu kuku wako, nimefurahi. Filamu za namna hii huanguka pale mtazamaji anapojiuliza kwa nini huyu bado anarekodi badala ya kukimbia. Peli alilijibu hilo kwa tabia ya mtu: Micah amenunua kamera kwa kiburi, anataka kukinasa kile kitu na kukishinda, Katie hataki, na kamera yenyewe ndiyo inayozidi kuwagombanisha. Wewe umepata sababu nzuri ya kuanzia, kwa kuwa hakuna asiyeelewa uchungu wa kuibiwa kuku. Lakini siku ambayo kijana wako atatambua kwamba si mwizi, ni nini kitakachomzuia kuizima simu ile? Hilo ulijibu kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Mtoa Hesabu anajibu:

Nimemsoma Mhariri na sina ugomvi naye katika ufundi, ila naomba tuwe waangalifu na ile tarakimu ya dola 15,000, kwa sababu imewaponza vijana wengi.

Kwanza, kwa shilingi za leo hizo ni kati ya milioni 36 na milioni 40. Huko inaitwa pesa ya mfukoni, lakini wewe una chini ya sehemu ya kumi yake. Pili, hesabu hiyo haina kodi ya nyumba, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake, haina mshahara wa mwongozaji, mwandishi, mpigapicha wala mhariri, kwa kuwa wote hao walikuwa ni yeye, na waigizaji mwanzoni walilipwa dola 500 tu kila mmoja. Tatu, na hili ndilo kubwa, dola 15,000 zilinunua mkanda tu, wala hazikununua watazamaji.

Tazama safari yake. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Screamfest huko Los Angeles mwezi Oktoba 2007, ikaenda tamasha la Slamdance Januari 2008. Katika njia hiyo ikamfikia mtayarishaji wa filamu Jason Blum, ambaye aliamini kwamba ina soko, naye akaisukuma mpaka ikafika kwenye kampuni ya filamu ya DreamWorks. Wakubwa wa pale waliipenda, lakini wazo lao lilikuwa kuipiga upya kwa fedha nyingi na waigizaji wanaojulikana, na ile ya Peli iwe nyongeza tu kwenye DVD. Blum na Peli walishikilia kwamba kwanza ionyeshwe kwa watazamaji wa majaribio. Ikaonyeshwa, watu wakaanza kutoka ukumbini, na wenye fedha wakadhani imewachosha, kumbe waliokuwa wakitoka walikuwa wameshindwa kuivumilia kwa woga. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za kuipiga upya. Mwisho ulibadilishwa, kwa pendekezo la mwongozaji mashuhuri Steven Spielberg, maana katika mwisho wa awali polisi wanaingia nyumbani na kumpiga Katie risasi. Hatimaye, tarehe 25 Septemba 2009, ikaanza kuonyeshwa usiku wa manane katika miji 13, mingi ikiwa ya vyuo vikuu, na watu wa miji mingine wakaambiwa waombe kwenye mtandao iletwe kwao. Maombi yalipofika milioni moja ikafunguliwa nchi nzima mwezi Oktoba. Tangu kupigwa hadi kufika huko ni miaka mitatu, na nyuma ya miezi ya mwisho ilisimama kampuni ya Paramount yenye uwezo wake wote.

Sisemi haya ili uache, nasema ili ugawe fedha zako kwa akili. Usimalize milioni 3 na laki 4 kwenye kupiga picha. Bakiza za kulipia kibali na ukaguzi wa Bodi ya Filamu, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 haiulizi kama ulitumia kamera kubwa au simu ya zamani. Bakiza nauli ya kwenda Zanzibar wakati wa tamasha la filamu, ukakae Ngome Kongwe na kazi yako mkononi uonane na watu uso kwa uso. Mimi niliwahi kumpa msambazaji mmoja filamu yangu kwa kuaminiana, bila karatasi, na mpaka leo naiona ikiuzwa huku mimi sijaona kitu, kwa hiyo hata kama mwigizaji wako ni binamu yako, andikianeni. Waigizaji watatu wa The Blair Witch Project, filamu iliyotoka mwaka 1999 na kukusanya karibu dola milioni 250, walijitokeza hadharani mwaka 2024 kudai malipo yanayowastahili. Robo karne nzima baadaye!

Binti Pemba anajibu:

Kaka wa Chuda, hao walionitangulia wamezungumza kama mafundi na kama mahasibu, nami nitazungumza kama mtu aliyelelewa na bibi. Simpingi Mhariri kuhusu kamera, ila naona amesahau kwamba kamera iliyosimama kimya peke yake haitishi. Kamera ya benki nayo imesimama siku nzima. Kinachotisha ni kanuni ya kile kitu, na kanuni hiyo inatolewa mapema na yule mtaalamu wa mizimu wanayemwita nyumbani: hakikuikalia nyumba, kimemshika Katie tangu akiwa na umri wa miaka 8, na wakihama kitahama nao. Baada ya maneno hayo kila mlango wa kutokea umefungwa. Ndiyo maana ile picha ya utotoni iliyoungua nusu, ambayo Micah anaikuta darini ilhali ilidhaniwa imeteketea kwenye moto miaka mingi nyuma, inatisha kuliko kishindo chochote.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Mwenye jini la mahaba hata akipanda meli kwenda Muscat analo, na mganga anayeshughulikia paa na kizingiti badala ya mtu mwenyewe watu humcheka. Una hazina hapo ambayo Peli alilazimika kuijenga kwa mazungumzo marefu, na wewe utaipata kwa sentensi moja ya mama mkwe.

Lakini una tatizo ambalo yeye hakuwa nalo, nalo ni majirani. Nyumba ya San Diego imejitenga, watu wawili wanapiga kelele usiku kucha na hakuna anayegonga mlango kuuliza kulikoni. Tanga? Ukipiga ukunga saa nane za usiku, kabla hujafunga mdomo mtaa mzima uko uani kwako, mmoja na panga, mwingine na tochi, na mwingine amekuja kwa kuwa ameona wenzake wanakuja. Woga wetu hututoa nje na kutukusanya. Mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu walibeba mikeka wakalala nje mbele ya nyumba zao kwa makundi, maana iliaminika kwamba aliyelala peke yake ndani ndiye aliye hatarini. Ukiwaonyesha watazamaji wa Tanga kijana anayeteseka mwezi mzima na hakuna jirani aliyekuja, hawatakuamini, na wakishaacha kukuamini kwa jambo dogo kama hilo hawatakuamini tena kwa jini.

Usiwafiche majirani, kaka. Waache waje. Usiku wa kwanza waje 20, walizunguke banda, wasione kitu, wanywe chai, waondoke. Usiku wa tatu waje 6. Usiku wa saba aje mzee mmoja, asimame getini, aseme kwamba kesho ana safari. Usiku wa tisa kijana apige ukunga na simu iendelee kurekodi uwanja mtupu. Mimi huo uwanja mtupu utanitisha kuliko mlango unaosogea.

Jambo la mwisho, nalo nalisema kwa uzito. Usiitangaze kama ni kweli. Najua ni mtego wa filamu za aina hii: The Blair Witch Project ilitangazwa kwa tovuti na mabango ya kutafuta watu waliopotea, na mama wa mmoja wa waigizaji akapokea kadi za rambirambi ilhali binti yake mzima. Paranormal Activity nayo inafungua kwa kuzishukuru familia za wahusika na polisi wa San Diego, na waigizaji wametumia majina yao halisi. Huko lilikuwa jambo la kuzungumzwa magazetini likaisha. Kwetu kipande cha dakika mbili kikiingia kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la filamu, kitafika mahali ambapo kikongwe mwenye macho mekundu anaishi peke yake, na sote tunajua yaliyowapata vikongwe wa Shinyanga na Mwanza kwa tuhuma za uchawi. Weka jina la filamu juu ya picha katika kila kipande utakachokisambaza, na tafadhali, asiwepo bibi jirani anayeshukiwa katika hadithi yako.

Mhariri wa Kinondoni anaongeza:

Dada, nakubali kosa. Uwanja mtupu wa usiku wa tisa ni bora kuliko yote niliyoandika, na nimelijibu pia swali langu mwenyewe kwa msaada wako: kijana haizimi simu kwa sababu majirani wamesema anaota, naye anataka ushahidi wa kuwaonyesha. Kila usiku anaorekodi ni wa kuwathibitishia wale waliokwisha kuacha kuja.

Fundi Maiki anajibu:

Ninyi nyote mmezungumzia macho, nami naomba nafasi ya masikio. Katika matukio ya usiku ya filamu ile, kabla ya jambo kutokea, kuna mngurumo wa chini sana unaoingia polepole. Wengi hawautambui kama sauti, wanausikia kifuani tu. Kelele za ghafla ni chache, na zinapokuja zinakuta chumba kimekuwa kimya kwa muda mrefu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ya sauti, mdogo wangu, itakuwa kupata ukimya, na ukimya kwetu ni mali adimu.

Simu ya zamani itakusaliti mahali pawili. Gizani itajiongezea mwanga yenyewe, mara picha inang'aa mara inafifia, kwa hiyo tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga kiwango cha mwanga. Kwenye sauti itafanya vivyo hivyo: kukiwa kimya inapandisha usikivu mpaka unasikia vumbi, kisha mtu akikohoa inashusha. Usitegemee sauti yake. Ficha kinasa sauti kidogo chini ya kitanda na kingine kwenye banda, piga kofi moja mbele ya kamera kila unapoanza ili uweze kulinganisha baadaye, na kabla ya kuondoka katika kila chumba rekodi dakika mbili za chumba kikiwa kitupu, watu wote wakiwa wamenyamaza. Dakika hizo mbili ndizo zitakazokuziba mashimo wakati wa uhariri. Kadi nayo iangalie, maana iliyoandaliwa kwa mfumo wa zamani hulikata faili linapofika GB 4, na wewe unataka usiku mrefu.

Nyumba ya bati usiipige msimu wa mvua. Niliwahi kurekodi siku nne katika nyumba kama hiyo, na kilichobaki ni mvua na midomo ya watu ikifunguka na kufunga. Umeme ukikatika, usisimamishe kazi: simu ina betri, taa zimezimika, majokofu ya mtaa mzima yamenyamaza kwa mpigo, na kimya kinachoingia hapo hakinunuliki. Ningeandika kabisa tukio la kukatika umeme.

Na friji ya dada yako izimeni wakati wa kurekodi, maana mlio wake utakuharibia kila usiku. Wengi huizima kisha wakaondoka wakaisahau, vyakula vikaoza. Dawa yake ni kuweka funguo za gari ndani ya friji yenyewe, ili usiweze kuondoka bila kuifungua.

Kijana wa Chuda anarudi:

Nawashukuru nyote, na nimechapisha mjadala huu nikaubandika ukutani. Jana usiku nilifanya jaribio: niliifunga simu juu ya mlango wa jikoni ikitazama uwanja na banda, nikaiacha tangu saa nne hadi saa kumi na moja. Faili lilikatika kila lilipofika GB 4, kama Fundi alivyosema. Asubuhi nilikaa kuitazama nikiwa nimejua kwamba hakuna kitu, na bado kuanzia saa nane na nusu nilikuwa siondoi macho kwenye lile pengo lililopo kati ya banda na ukuta, kwa sababu ndilo pekee ambalo taa haifiki. Nimeamua kamera itakaa pale pale kwa usiku sita wa mwanzo wa hadithi, na pengo lile sitaligusa wala kulimulika.

Dada Binti Pemba, majirani 20 nimewapata tayari, na hawataki malipo ila chai na maandazi. Kazi ni kuwaambia 14 kati yao wasirudi usiku wa tatu, kwa sababu wote wanataka kuonekana mpaka mwisho. Bibi jirani alikuwemo katika mswada wangu, nimemtoa.

Mtoa Hesabu, mkataba nitauandika. Linalonisumbua sasa ni la friji. Sina gari, kwa hiyo sina funguo za kuweka, na friji yenyewe dada huiwekea samaki wa biashara; amesema ataniruhusu kuizima kwa nusu saa tu kila usiku, na kwamba atakaa kando yake na saa mkononi. Fundi, nusu saa inatosha?